Umerudi kutoka Lamu, na sebule ya Nairobi imegoma kufanana nayo

"Mtaalamu, habari za kazi. Desemba mimi na mume wangu tulikwenda Lamu, tukafikia nyumba ya zamani ndani ya mji, nikarudi nimeshikwa. Fleti yetu iko Nairobi, ghorofa ya tatu, tunailipia mkopo. Sebule ni mita 3.8 kwa 5, dari mita 2.7, dirisha ni moja kubwa linalotazama kusini, na sakafu ni vigae vya rangi ya malai vinavyong'aa. Kuna korido ya kuingilia yenye upana wa mita 1.2. Nilipaka kuta zote nyeupe pe, nikaleta kasha la nakshi, mikeka, vikapu, sahani za kauri, jahazi dogo la mbao na doti tatu za kanga. Januari palipendeza. Sasa ni Julai: sebule ni baridi, kifuniko cha kasha kimepasuka, na mume wangu anasema tunaishi nusu hospitali, nusu duka la watalii. Fundi amependekeza boriti za bandia darini, zidaka (yale matundu ya kuwekea vitu) za kuchimbwa ukutani, chokaa halisi juu ya rangi hii, na karatasi ya ukutani yenye majani ya minazi. Nimepata pia mlango wa zamani wa nakshi ninaotaka kuutundika nyuma ya sofa. Niendelee, au nilianza vibaya? Wabunifu wanaosema safari, asili na sanaa huwapa mawazo, wao hufanyaje yasigeuke kuwa hivi?"

Dada, hukukosea kuipenda Lamu, na macho yako yaliona kitu cha kweli. Ila una matatizo mawili yaliyoingiliana, na kila moja lina chanzo chake. Baridi inatokana na mwanga, rangi na sakafu. Hiyo hali ya duka inatokana na wingi wa vitu na namna vilivyopangwa. Ukivichanganya utaanza kununua vitu vipya ili kutibu baridi, au utapaka rangi upya ukitumaini sebule itaacha kufanana na duka. Vyote viwili havitasaidia.

Kabla ya kugusa brashi, nisahihishe dhana moja ambayo hata fundi wako anayo: kwamba kupata wazo kutoka mahali ni kuchukua vitu vya mahali hapo au kuiga sura yake. Wabunifu wanaofanya kazi nzuri huuliza kwanza kitu kile kilikuwa kikifanya kazi gani pale kilipo, halafu hutafuta kitakachofanya kazi hiyohiyo kwao. Mwingereza William Morris alivipenda vitambaa na mazulia ya Uajemi kiasi kwamba mwaka 1893 alilishauri jumba la makumbusho la London linunue zulia maarufu la Ardabil, ingawa Uajemi kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Lakini karatasi yake ya ukutani ya mwaka 1887, ambayo bado inauzwa leo, ni matawi ya miti iliyoota kando ya vijito karibu na kwake. Alichojifunza kwa Waajemi ni namna ya kujaza eneo kwa mchoro usiomchosha mtazamaji. Majani aliyachuma nyumbani.

Sasa tuitazame nyumba uliyolala. Nyumba ya mawe ya Lamu, ukiitazama kama fundi, ni chombo cha kufukuza joto. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kwa nusu mita hivi, kwa hiyo jua la mchana huchelewa kupenya hadi ndani. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kawaida chini ya mita 3 kwa upana, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari nzito kwa umbali mkubwa zaidi ya huo. Dari iko juu ili hewa ya moto ipande. Sakafu ni tupu ili nyayo zipoe. Rangi ni nyeupe ili mwanga kidogo unaoingia kutoka kiwandani, yaani ule ua wa katikati ulio wazi juu, ufike hadi chumba cha mwisho. Wewe ulikipenda chombo hicho Desemba, pwani, wakati jasho linatiririka. Kisha ukakifunga Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai ikafika. Kimefanya kazi yake vizuri tu: kimepoza.

Kwa hiyo chukua karatasi, ugawe yale uliyoyapenda mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yaliyokuwepo kwa ajili ya joto: weupe mkali, sakafu tupu, fanicha chache, madirisha yasiyo na mapazia mazito. Hayo yaache pwani, au yapunguze makali. Fungu la pili ni yaliyokuwepo kwa ajili ya watu: kutoka kwenye giza la daka, yaani kibaraza cha kuingilia, hadi kwenye mwanga wa kiwanda, kina cha kuta na vivuli vyake, uso wa ukuta unaoonyesha mkono wa fundi, utulivu wa rangi chache na nakshi iliyokusanywa sehemu moja badala ya kumwagwa kote. Hayo yanasafiri, na ndiyo tutakayofanyia kazi.

Tuanze na dirisha, maana ndilo linaloamua mengi. Nairobi iko chini kidogo tu ya Ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua huelemea kaskazini. Dirisha linalotazama kusini halipati hata mwale mmoja wa jua katika miezi hiyo. Linapata mwanga wa anga tu, na anga ya Julai ya Nairobi ina mawingu ya kijivu. Mwanga huo una ubuluu ndani yake. Ukuta mweupe pe, hasa ile nyeupe ya ndooni isiyochanganywa kitu, huurudisha kama ulivyo, na sebule huonekana kama imemwagiwa maji ya barafu. Januari ulipapenda kwa sababu jua lilikuwa upande wa kusini na lilikuwa likiingia ndani.

Hutahitaji kuuacha weupe. Tafuta nyeupe iliyotiwa tone la udongo au la manjano iliyokolea kidogo, inayokaribia rangi ya ganda la yai la kienyeji au ya mchanga mkavu. Tahadhari na malai ya manjano sana: karibu na vigae vyako itageuka kuwa rangi ya siagi. Usichague kwenye kikaratasi cha dukani chini ya taa ya dukani. Nunua makopo madogo ya rangi tatu, paka kila moja mara mbili kwenye bodi ya sentimita 60 kwa 60, uache ukingo mweupe wa sentimita 5 kuzunguka ili rangi ya zamani isikudanganye. Isimamishe bodi ikigusa kigae, kwa sababu kigae kinachong'aa hurusha rangi yake juu ya ukuta hadi usawa wa goti. Itazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, na saa moja usiku taa zikiwa zimewashwa, kwenye ukuta wa dirisha na kwenye ukuta unaoliangalia dirisha. Rangi ileile itakuwa nyeusi zaidi kwenye ukuta wa dirisha, kwa sababu ukuta huo haupigwi na mwanga wa moja kwa moja. Ukishachagua, mwambie fundi aina isiyong'aa. Mafundi wengi hupenda ile yenye mng'ao wa hariri kwa sababu husafishika, na ni kweli husafishika, lakini huonyesha kila kasoro ya plasta na kuufanya ukuta uonekane wa plastiki. Kuta zako, ukitoa mlango na dirisha, ni kama mita 40 za mraba. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, hivyo lita 8 zinatosha mikono miwili.

Halafu balbu. Soma kwenye boksi: kama imeandikwa 6500K, yaani mwanga mweupe wenye ubuluu, hiyo ndiyo nusu ya hospitali anayoisema mume wako. Badili ziwe 2700K au 3000K zote, zenye mwanga wa manjano, usichanganye. Kwa sebule ya ukubwa wako jumla ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga, kimeandikwa kwenye boksi) 2,000 hadi 2,500 inatosha jioni, lakini zigawe kwenye taa nne zilizo chini ya usawa wa macho au karibu nao, badala ya moja katikati ya dari. Taa ya katikati ya dari huua vivuli, na vivuli ndivyo vilivyokufanya uipende ile nyumba, hata kama hukujua wakati ule.

Kuhusu chokaa halisi juu ya rangi uliyopaka: hapana. Chokaa haigandi kama gundi. Huingia kwenye vitundu vya ukuta, kisha huwa ngumu polepole kwa kunyonya kaboni dayoksaidi kutoka hewani. Rangi ya maji ya kisasa imeviziba vitundu hivyo kwa utando wa plastiki, kwa hiyo chokaa itakaa juu yake kwa miezi kadhaa kisha itaanza kubanduka vipande vipande. Kama kweli unataka uso ule wenye mawimbi ya mkono, fanya ukuta mmoja tu. Fundi aikwangue rangi mpaka kwenye plasta, apake rangi ya kushikia yenye mchanga ndani yake, kisha plasta laini ya chokaa mikono miwili, kila mmoja milimita 1 hadi 2. Akipaka mnene kwa mara moja, itapasuka kama matope yaliyokauka. Ikikauka haraka itakuwa unga unaoshika nguo, kwa hiyo afunge madirisha na kuirushia maji kwa bomba la kunyunyizia mara mbili kwa siku, siku tatu za kwanza. Avae miwani na glavu, maana chokaa mbichi huunguza macho. Na aonyeshe kwanza mita moja ya mraba kwenye kona iliyofichika, muisubiri wiki mbili. Fundi anayekataa jaribio hilo, mshukuru na utafute mwingine.

Sakafu. Huhitaji kung'oa vigae. Vigae hunyonya joto la unyayo haraka kuliko mbao au nyuzi, ndiyo maana huhisi baridi hata hewa ya chumba ikiwa ya kawaida. Zulia la mkonge la mita 2 kwa 3, lililowekewa kitambaa kinene chini, likalaliwa na miguu ya mbele ya sofa, litabadilisha sebule kuliko kitu kingine chochote utakachonunua. Kuna sababu nyingine ya kulichagua lenye rangi nzito kidogo kuliko ukuta. Ukisimama mahali popote pa wazi, ardhi ndiyo nyeusi zaidi, miti na vilima vina wastani, anga ndiyo nyepesi. Macho yamezoea mpangilio huo. Sebule yako imeugeuza: chini pamemeremeta, fanicha nyeusi zinaelea katikati. Mkonge hauharibiki kwa kukanyagwa, bali kwa maji. Chai ikimwagika, kausha kwa kitambaa papo hapo, usiioshe kwa ndoo, la sivyo utabaki na doa la kahawia lenye mpaka. Mikeka yako ya ukindu itandike ukutani au kwenye kochi badala ya sakafuni. Kwenye hewa kavu ya hapa huvunjika pale inapokunjwa, kwa hiyo ukiihifadhi uiviringishe.

Pazia lifike dari hadi sakafu, reli iwe sentimita 10 chini ya dari na izidi dirisha kwa sentimita 20 hadi 25 kila upande, ili ukilifungua kioo chote kibaki wazi. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya reli, chenye bitana. Ndiyo njia rahisi ya kupata ule urefu wa dari za Lamu ndani ya mita 2.7.

Na hapo ndipo boriti za bandia zinapokosa maana. Kule boriti zinabeba paa au ghorofa, zinakaa juu sana, na mpangilio wake unafuata upana mwembamba wa chumba. Ukiweka magogo ya sentimita 10 chini ya dari yako, kwa upana wa mita 3.8, jicho litaona uongo hata la mtu asiyejua ujenzi, na chumba kitabonyea. Ukizipenda sana, zipeleke kwenye korido. Upana wa mita 1.2 ni umbali wa kweli wa boriti, na dari kushuka pale ni faida. Kumbuka ulivyoingia ile nyumba: daka lenye kivuli na viti vya mawe, kona iliyokuzuia kuona ndani, kisha ghafla mwanga. Luis Barragán wa Meksiko alifanya hivyohivyo katika nyumba yake ya mwaka 1948 jijini Mexico. Unaingia kwenye njia nyembamba yenye mwanga hafifu na sakafu ya mawe ya volkano, ndipo unapokelewa na ukumbi wenye ukuta wa waridi, na juu kwenye ngazi kuna ubao wa dhahabu wa msanii Mathias Goeritz unaodaka mwanga na kuurusha chini. Tazama jinsi sanaa ilivyopewa kazi pale: ubao ule ni mchoro, na ni taa pia. Basi korido yako ipake rangi nzito, ya kahawa ya kukaanga au ya kijani cha mkoko, kuta na dari pamoja, weka taa moja ya ukutani ya lumeni 300 hivi na benchi la sentimita 35 kwa upana. Sebule haitaongezeka hata sentimita moja, lakini atakayeingia atashusha pumzi.

Ila boriti za mkoko wa kweli uzinunue kwa muuzaji mwenye kibali. Kukata mikoko bila kibali ni kosa, na isitoshe mti wowote mnyoofu uliokaushwa vizuri na kupakwa rangi nzito utafanya kazi ile.

Zidaka nazipenda, na wazo la fundi si baya, ubaya ni neno "kuchimba". Ukuta kati ya fleti mbili mara nyingi ni wa sentimita 15 au 20. Ukichimba 10, unaishi na jirani, na kama ukuta unabeba mzigo, unaudhoofisha. Badala ya kuchimba, jenga kuja mbele: fremu ya chuma iliyosimama sentimita 15 kutoka ukutani, bodi ya jipsamu ya milimita 12 mbele na kwenye mashavu ya matundu. Chagua ukuta wa ndani kabisa, ulio mbali na dirisha, kama zilivyokaa kwenye chumba cha ndani cha nyumba za Lamu. Matundu yawe na upana wa sentimita 28 na kimo cha 38, nguzo kati yake sentimita 10, safu tatu. Mambo mawili huharibika hapa kila mara. Kwanza, mafundi huruka utepe wa maungio na kona za chuma, wakajaza puti tupu, na baada ya miezi mistari ya nyufa hujitokeza kwenye kila ungio. Simama hapo siku ya puti. Pili, mtu huweka ukanda wa taa ndani ya kila tundu. Kidaka chenye taa ndani hakina tena kivuli, na bila kivuli ni rafu ya duka la simu. Mwanga utoke pembeni, kwenye taa ya meza iliyo umbali wa mita moja hivi. Theluthi moja ya matundu iache tupu.

Hiyo inatufikisha kwenye duka la watalii. Chapa ile picha uliyoipenda zaidi ya chumba cha Lamu, chora juu yake gridi ya miraba 100, kumi kwa kumi, kisha hesabu: mingapi ni ukuta, mingapi mbao nyeusi, mingapi kitambaa, mingapi ni vitu vidogo. Ifanyie hivyohivyo picha ya sebule yako. Nakuhakikishia vitu vidogo kwako vitakuwa mara kadhaa zaidi. Katika chumba kile nakshi ilikuwa pahali pamoja au pawili, mlangoni na kwenye ukuta wa zidaka, na kwingine kote palikuwa kimya. Kwako kila ukuta unapiga kelele. Toa kila kitu kilichotoka pwani, kipange sakafuni korido, urudishe kimoja kimoja. Sahani zote ziende kwenye zidaka, kwa sababu hapo ndipo zilipokuwa na kazi. Vikapu vibaki viwili vinavyobeba kitu kweli, iwe blanketi au magazeti. Jahazi, nitasema wazi, lipeleke ofisini.

Kanga zinaweza kukufundisha zaidi ya vyote hivyo. Itandaze moja kitandani uitazame kama mchoro: pindo pana lenye shughuli pande zote nne, mji ulio na nafasi katikati, na jina, yaani yale maandishi, lililokaa chini ya mji kwa mstari mmoja. Huo ni mpangilio wa chumba. Pembezoni pazito, katikati pamepumua, na sauti moja tu inayosema. Ukizikata zote kuwa foronya unaupoteza mpangilio huo na kubaki na rangi. Mimi ningeitumia moja nzima badala ya mlango nyuma ya sofa. Kanga ina takriban sentimita 150 kwa 110, na sofa ya kawaida ya watu watatu ina kama 210, kwa hiyo inachukua theluthi mbili ya upana, kiasi kizuri kwa picha juu ya sofa. Ifue kwanza mpaka maji yatoke safi, ipige pasi ikiwa na unyevu, iwekee kitambaa cheupe cha pamba nyuma, ndipo uitandaze kwenye fremu ya mbao. Anza kupiga pini katikati ya kila upande, kisha sogea kuelekea kona, pini moja kila sentimita 4 au 5. Ukivuta kwa nguvu upande wa chini, jina litapinda kama wimbi, na halirekebishiki bila kung'oa pini zote. Kitovu chake kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Isikae ukuta unaopigwa na jua la Desemba kutoka dirisha la kusini, rangi itapauka. Rangi za mito uzitoe kwenye kanga hiyo, na usichukue ile inayoonekana kwanza. Chukua ile ndogo, ya nukta au ya mstari mwembamba, uirudie mara tatu chumbani.

Karatasi ya majani ya minazi iache. Asili haiingii nyumbani kwa kupigwa picha. Inaingia kupitia vitu visivyolingana sawasawa: mistari ya mbao, nundu za jiwe, kivuli kinachotembea. Na kwa nini mnazi, wakati unaishi Nairobi? Nenda msitu wa Karura asubuhi moja na ule mtindo wako wa kuangalia. Utaona kijani chenye ujivu, kahawia ya maganda na udongo mwekundu, na zote zitakaa vizuri chini ya mwanga wa Julai kwa sababu zimezaliwa humo. Jiwe la Ndarugo, ambalo huenda ndilo lililojenga ukuta wako, lina kijivu chenye vumbi la manjano kinachoelewana na mkonge na mbao nyeusi. Hata jiwe la sabuni la Tabaka, bakuli moja kubwa lisilopakwa rangi, lina uzito ambao karatasi haitaupata.

Kasha lako halina kasoro ya uundaji. Mbao hunyonya na kutoa unyevu kufuata hewa. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ya pwani, mbao hutulia na maji ya asilimia 16 hivi ya uzito wake. Hewa ikiwa ya asilimia 60, hushuka hadi karibu 11. Ubao hausinyai kwa urefu, husinyaa kwa upana, na kifuniko cha sentimita 40 kinaweza kupungua milimita 4 au 5. Misumari na vipande vya shaba vimekizuia kisisogee, kikapasuka. Usijaze ufa sasa. Kiondoe karibu na dirisha, subiri kiangazi cha Januari hadi Machi kipite, kisha seremala aingize kipande chembamba cha mbao ileile kwa gundi ya mbao. Mafuta hupunguza kasi tu, hayazuii. Safari ijayo, kitu cha mbao pana kikifika, kiache wiki kadhaa kimefungwa kwa shuka kwenye chumba chenye kivuli ili kikauke taratibu.

Na safari hiyo ijayo, beba tepu ya mita 5 na daftari. Pima kimo cha kiti ulichokaa ukapata raha, kina cha dirisha, upana wa mlango uliokufanya upunguze mwendo. Piga picha za kona na maungio, pale sakafu inapokutana na ukuta, kuliko za chumba kizima. Andika saa na upande ulikotoka mwanga. Kurasa mbili za namna hiyo zina faida kuliko mzigo wa kilo 30.

Utaratibu wa kazi, ili usilipe mara mbili: balbu na kutoa vitu wiki hii, kwani gharama yake ni ndogo na huenda ukagundua nusu ya tatizo limekwisha. Zulia na pazia zifuate. Zidaka na chokaa, kama bado unavitaka, kabla ya rangi. Rangi mwisho.

Yapo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Zidaka zisianze kabla ya fundi umeme kuonyesha nyaya zinapita wapi kwenye ukuta ule. Kama kuna doa la unyevu au rangi inayovimba popote, usilifunike kwa jipsamu wala chokaa, mwite mtu apime kwanza maji yanatoka wapi. Ufa unaopita zaidi ya milimita 3, au unaoendelea kukua, ni wa mhandisi, na kwenye fleti uongozi wa jengo lazima ujue.

Mlango wa zamani ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inaulinda mlango au fremu ya nakshi iliyotengenezwa kabla ya 1946. Kabla ya kulipa chochote, mwombe muuzaji karatasi zake na uwaulize Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wana ofisi hapo Nairobi na Lamu pia. Ukiwa halali, bado ubao wa mita 2 kwa 1 wenye unene wa sentimita 4 hukaribia kilo 60 bila fremu. Usiutundike juu ya vichwa vya watu. Usimame sakafuni, ufungwe juu kwa bolti mbili zilizoingia kwenye jiwe lenyewe badala ya plasta, na anayetoboa matundu hayo awe amefika kuugonga ukuta kwa mkono wake kwanza.